Dawa za mifupa na jino linalouma: useme nini kabla ya kung'olewa

Tuseme bibi wa miaka 68 ametoka kijijini alfajiri kwa bodaboda. Amefika kituo cha afya, na jino la nyuma limemnyima usingizi siku tatu. Tabibu wa meno ni kijana. Anamwamkia, shikamoo bibi, anaitikiwa marahaba mwanangu, kisha anauliza maswali ya kawaida. Una kisukari? Hapana. Presha? Ndiyo, kidogo. Kuna dawa yoyote unatumia? Bibi anakumbuka vidonge vyake vya presha na kuvitaja. Hataji sindano aliyochomwa mkononi miezi miwili iliyopita katika hospitali ya mkoa, baada ya kuanguka bafuni na kuvunjika. Kwake ile haikuwa dawa anayotumia. Ilikuwa sindano ya siku moja, akachomwa, ikaisha.

Bibi huyu ni wa mfano tu, lakini jambo lenyewe si la kutunga. Ipo jamii ya dawa za kuimarisha mifupa ambazo, kwa watu wachache, huzuia taya kupona baada ya jino kung'olewa. Mfupa wa taya hubaki wazi, ufizi haufungi, na wakati mwingine kipande cha mfupa hufa. Madaktari wa nchi zilizoendelea wamebishana juu ya jambo hili kwa zaidi ya miaka 20. Huku kwetu halijazungumzwa sana kwa sababu dawa hizi zilikuwa za wachache. Hali hiyo inabadilika, na ni vizuri tulielewe kabla halijafika likiwa limevaa nguo za uvumi.

Tuanze na mifupa yenyewe.

Mfupa si kama nondo

Wengi wetu tunadhani mfupa ukishakua umekwisha, kama nondo iliyomwagiwa zege. Sivyo. Mfupa unafanana zaidi na nyumba ya udongo. Kila baada ya muda mwenye nyumba hubandua sehemu iliyochakaa, akakandika udongo mpya. Mwilini nako kuna seli ambazo kazi yake ni kubomoa mfupa mkuukuu, na kuna nyingine zinazofuata nyuma yake zikijenga upya. Ukiwa kijana, wajenzi na wabomoaji huenda sambamba. Umri ukisogea, hasa kwa mwanamke baada ya kukoma hedhi, wabomoaji hupata nguvu kuliko wajenzi. Kuta zinakuwa nyembamba. Hali hiyo ndiyo inayoitwa osteoporosisi, na ubaya wake ni kwamba haiumi. Mtu hajui mpaka ajikwae kwenye kizingiti na kuvunjika nyonga, au mgongo uanze kupinda na urefu kupungua, majirani wakasema ni uzee tu.

Dawa tunazozizungumzia hufanya jambo moja: huwazuia wabomoaji. Ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni jamii ya bisfosfoneti. Humo kuna alendroneti, kidonge ambacho wengi humeza mara moja kwa wiki na ambacho jina lake la kwanza la biashara ni Fosamax. Kuna pia asidi ya zoledroniki, inayowekwa kwa dripu mara moja kwa mwaka kwa mgonjwa wa osteoporosisi. Aina ya pili ni denosumabu, sindano ya chini ya ngozi kila baada ya miezi sita, inayojulikana sana kwa jina la Prolia.

Majina haya yanachosha, najua. Kuna njia rahisi ya kuyatambua. Chukua boksi la dawa usome jina la kitabibu, lile lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara. Ukiona katikati ya jina kuna herufi d-r-o-n zimefuatana, hiyo ni jamii ya bisfosfoneti. Ukiona jina linaanza na d-e-n-o-s, hiyo ni ile sindano ya miezi sita. Kama macho hayaoni vizuri, mwambie mjukuu apige picha ya boksi kwa simu, kisha aikuze.

Kabla hatujaenda mbali, niondoe hofu moja. Vidonge vya kalisi na vitamini D peke yake havina tatizo hili. Wala dawa za maumivu ya viungo. Mtu anayemeza kalisi tu hana sababu ya kuogopa kiti cha daktari wa meno zaidi ya sisi wengine tunavyokiogopa.

Ilivyogunduliwa

Mwaka 2003 daktari wa upasuaji wa kinywa huko Miami, Marekani, Robert Marx, aliandika barua katika jarida la madaktari wa fani yake. Alikuwa na wagonjwa 36 ambao mataya yao yalikuwa na mfupa ulio wazi usiopona, na wote walikuwa wamepewa dawa za jamii ya bisfosfoneti. Mwaka uliofuata madaktari wa New York, wakiongozwa na Salvatore Ruggiero, walitangaza wagonjwa 63 wa namna hiyo. Angalia mgawanyo wao, kwa sababu ndio ufunguo wa mjadala wote: 56 walikuwa wagonjwa wa saratani waliokuwa wakipewa dawa kwa dripu, na 7 tu walikuwa wakimeza vidonge kwa ajili ya osteoporosisi.

Madaktari waliosoma historia hawakushangaa kabisa. Karne ya 19, wafanyakazi wa viwanda vya viberiti barani Ulaya waliovuta mvuke wa fosforasi nyeupe walioza mataya kwa namna inayofanana na hii. Wasichana wa kiwanda cha Bryant & May mjini London waliogoma mwaka 1888 walikuwa na malalamiko mengi, na ugonjwa huo wa taya ulikuwa mojawapo. Mkataba wa Bern wa mwaka 1906 ndio uliopiga marufuku fosforasi nyeupe kwenye viberiti. Na bisfosfoneti, kama jina linavyodokeza, ni kemikali zenye fosforasi ndani yake, ingawa si ile ya viwandani na kipimo chake hakilingani nayo.

Kwa nini taya, si paja wala mkono? Taya lina mambo yake. Kwanza, mfupa wake hubomolewa na kujengwa upya kwa kasi kuliko mifupa mingine mingi, maana kila siku tunatafuna. Pili, umefunikwa na ufizi mwembamba tu. Tatu, mdomo umejaa vijidudu. Jino likitoka linaacha shimo, na ili shimo lizibe vizuri lazima wabomoaji waje kwanza kuondoa mfupa ulioharibika, kama fundi anavyobandua udongo uliooza kabla ya kukandika mpya. Wabomoaji wakiwa wamezuiwa na dawa, kazi inakwama. Mara nyingi tatizo hutokea taya la chini, kwenye magego.

Lakini je, ni wangapi?

Hapa ndipo uvumi na ukweli hutengana, na naomba msikilizaji uwe na subira na hesabu.

Chama cha Madaktari wa Upasuaji wa Kinywa na Uso cha Marekani kilipitia tafiti zilizopo na kutoa msimamo wake mwaka 2022. Kwa wanaomeza vidonge vya bisfosfoneti kwa ajili ya osteoporosisi, tatizo la taya huwapata kati ya watu 2 na 5 katika kila watu 10,000. Wanaochomwa denosumabu kwa sababu hiyohiyo ni kati ya 4 na 30 katika kila 10,000. Wagonjwa wa saratani, ambao hupewa dawa hizohizo kwa dozi kubwa na mara nyingi zaidi, wako mbali: tafiti nyingi zinaonyesha ni chini ya 5 katika kila 100, lakini hiyo bado ni hatari kubwa mara nyingi kuliko ile ya bibi yetu.

Tofauti ni ya kipimo. Asidi ya zoledroniki ya osteoporosisi ni dripu moja kwa mwaka. Mgonjwa wa saratani iliyofika kwenye mifupa huweza kuwekewa dripu hiyo kila baada ya wiki tatu au nne. Denosumabu ya mifupa dhaifu ni miligramu 60 kila miezi sita. Ya saratani ni 120 kila wiki nne. Anayesikia kwamba jirani yake mwenye saratani ya tezi dume alipata shida ya taya, kisha yeye akatupa vidonge vyake vya kila wiki, amelinganisha ndoo na kijiko.

Sasa weka upande wa pili wa mizani. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia kwa miaka mitatu wanawake zaidi ya 7,700 wenye osteoporosisi. Kundi moja lilipewa dripu ya asidi ya zoledroniki kila mwaka, kundi lingine dripu isiyo na dawa. Waliopata dawa walivunjika nyonga kwa asilimia 41 pungufu, na pingili za mgongo kwa asilimia 70 pungufu. Na mataya? Watafiti walipochunguza kumbukumbu walikuta mgonjwa mmoja mwenye dalili za tatizo hilo katika kundi la dawa, na mmoja katika kundi lisilopata dawa.

Kuvunjika nyonga uzeeni si jambo dogo. Katika nchi tajiri, zenye vyumba vya upasuaji na mazoezi ya viungo, takriban mzee mmoja kati ya watano waliovunjika nyonga hafikishi mwaka. Kijijini, ambako mzee hulazwa ndani akisubiri mfupa uunge wenyewe na vidonda vya mgongoni vikianza, sihitaji kumweleza mtu aliyewahi kuuguza.

Hofu nayo ina gharama yake. Marekani, baada ya habari za mataya na za mapaja kuvunjika kwa namna isiyo ya kawaida, matumizi ya vidonge vya bisfosfoneti yalishuka kwa zaidi ya nusu kati ya mwaka 2008 na 2012. Mahakamani kesi zilirundikana, na mwishoni mwa 2013 kampuni ya Merck, watengenezaji wa Fosamax, ilikubali kulipa dola milioni 27.7 kumaliza kesi takriban 1,200 za mataya, bila kukiri kosa. Katika miaka iliyofuata, kushuka kwa idadi ya wanawake wazee wanaovunjika nyonga nchini humo, kulikokuwa kunaendelea kwa mwaka hadi mwaka, kulisimama. Hakuna aliyethibitisha kwamba kimoja kilisababisha kingine. Lakini wataalamu wa mifupa wengi hawaamini kwamba ni bahati mbaya tu, na mimi naona wana hoja.

Inatuhusu nini?

Kipimo cha uzito wa mifupa hakipatikani katika hospitali nyingi za wilaya, na wagonjwa wengi wa osteoporosisi Afrika Mashariki hawajawahi kuambiwa kwamba wanayo. Kwa hiyo mtu anaweza kusema hili ni tatizo la Wazungu. Nadhani atakuwa amekosea, kwa sababu tatu au nne hivi.

Ya kwanza ni saratani. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliiweka asidi ya zoledroniki katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa ajili ya mifupa iliyoshambuliwa na saratani. Saratani ya matiti na ya tezi dume, ambazo hupenda kusambaa kwenye mifupa, ni miongoni mwa zinazoongoza katika ukanda wetu. Mgonjwa hutibiwa mjini, kwenye hospitali kubwa, halafu anarudi nyumbani. Jino likimuuma, harudi mjini. Anakwenda kituo kilicho karibu, ambako hakuna karatasi inayoonyesha alichowekewa kwenye dripu. Huyu ndiye mtu ninayemhofia kuliko wote katika makala hii.

Ya pili ni ndugu zetu wanaoishi au waliowahi kuishi nje. Mama anakwenda kumtembelea binti yake Muscat au Ulaya, anaanguka, anapimwa, anachomwa sindano ya kwanza ya miezi sita, anarudi Tanga au Mombasa. Sindano ya pili hakuna anayeikumbuka. Hilo lina hatari yake peke yake, nitalifikia.

Ya tatu ni bei. Haki miliki ya denosumabu ilikuwa ikielekea mwisho, na mwezi Machi 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha nakala yake ya kwanza iliyotengenezwa na kampuni nyingine. Nyingine zimefuata. Dawa ikishakuwa na watengenezaji wengi, bei hushuka, na dawa zilizoshuka bei hufika kwetu. Alendroneti nayo ina nakala nafuu tangu zamani.

Na kuna hili la nne, ambalo ni la kwetu hasa. Katika vituo vingi vya vijijini tiba ya jino linalouma ni moja: kung'oa. Kuziba jino au kutibu mzizi kunahitaji vifaa, umeme wa uhakika na muda, na mgonjwa mwenyewe hufika akiwa amechelewa, anataka liondoke leo. Nchi ambazo dawa hizi zilianzia zina njia nyingine za kuokoa jino. Sisi tunatumia zaidi ile njia moja ambayo ndiyo yenye hatari.

Kuacha dawa kwanza?

Swali hili linawagawa hata wataalamu, na jibu lake si moja kwa dawa zote. Ndipo watu wengi wanapojiumiza.

Bisfosfoneti hushikamana na mfupa. Ukiacha kidonge leo, kilichomo mwilini kitakaa miaka. Kwa hiyo kuacha wiki mbili kabla ya kung'oa jino hakubadilishi kitu chochote cha maana. Baadhi ya madaktari walizoea kuwapumzisha wagonjwa miezi miwili, hasa waliotumia kwa zaidi ya miaka minne au wanaotumia pia steroidi. Wengine wanasema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba inasaidia. Hata ule msimamo wa mwaka 2022 nilioutaja ulikiri kwamba waandishi wake hawakukubaliana juu ya jambo hili. Likiwagawa wao, wewe usiliamue peke yako jikoni kwako.

Denosumabu ni kinyume chake. Haishikamani na mfupa. Miezi sita ikiisha, nguvu yake imeisha, na wale wabomoaji waliokuwa wamefungiwa hutoka wote kwa pamoja, wana njaa. Mtu akiruka sindano, mifupa yake inaweza kupungua haraka, na wako waliovunjika pingili kadhaa za mgongo kwa mpigo bila hata kuanguka. Kwa hiyo usiahirishe sindano hii kwa ajili ya jino bila kuzungumza na daktari aliyekuandikia. Wataalamu wanashauri usivuke mwezi wa saba tangu sindano iliyopita. Na kama fedha au safari vinakuzuia kuendelea nayo, mwambie daktari mapema ili akuhamishie dawa nyingine, kwa kawaida ya jamii ya bisfosfoneti, isiyoacha pengo. Binafsi naona yeyote anayemchoma mzee sindano ya kwanza bila kuuliza ya pili itatoka wapi amefanya nusu ya kazi.

Tabia hiyo ya denosumabu ina faida moja kwa mwenye jino bovu. Kama si dharura, kung'oa kunaweza kupangwa mwezi wa tatu au wa nne baada ya sindano, nguvu ya dawa ikiwa imeanza kupungua, ili ufizi uwe umefunga kabla ya sindano inayofuata. Bibi yetu wa mwanzo yuko mwezi wa pili. Kama jino lake lingeweza kutulizwa kwa wiki chache, tabibu angekuwa na cha kupanga. Lakini hakuambiwa.

Jino bovu lenyewe ni hatari

Hapa kuna kosa la upande wa pili. Mtu akishasikia haya yote anaweza kuamua hatang'oa jino kamwe. Anavumilia, anaweka karafuu, anameza dawa za maumivu, shavu linavimba, linatulia, linavimba tena.

Kadiri miaka inavyopita, madaktari wengi zaidi wanaona kwamba katika wagonjwa wengi tatizo la taya lilianza kabla ya koleo kugusa jino. Lilianza na usaha kwenye mzizi au ugonjwa wa fizi ulioachwa. Jino liling'olewa kwa sababu mfupa chini yake ulikuwa tayari unaugua, kisha kung'oa kukabeba lawama zote. Wanaong'oa hawaponi kabisa lawama, lakini maambukizi yaliyoachwa kwenye taya ya mtu anayetumia dawa hizi hayana usalama wowote. Uvimbe, homa, usaha, kushindwa kufungua mdomo au kumeza: hayo hayasubiri mwezi wa nne, wala hayasubiri mtu apatikane kwenye simu. Ni siku hiyohiyo.

Kwa wanaotumia dawa kwa osteoporosisi tu, hata jino likitolewa, wengi mno hupona kama watu wengine. Katika tafiti zilizokusanywa, waliopata tatizo baada ya kung'olewa jino wakiwa kwenye bisfosfoneti za osteoporosisi hawakuzidi 15 katika kila 10,000. Kwa denosumabu ilikuwa kama mmoja katika 100. Mgonjwa wa saratani ndiye ambaye kung'oa kwake kunahitaji kupelekwa kwa mtaalamu wa upasuaji wa kinywa kila inapowezekana, kwa kuwa kwake namba hupanda mpaka zaidi ya 10 katika 100 kwenye baadhi ya tafiti.

Kinachobadilisha mambo ni tabibu kujua. Akijua, anaweza kuchagua kuziba au kutibu mzizi badala ya kung'oa, kwa sababu kazi hizo haziachi mfupa wazi. Akilazimika kung'oa, anang'oa kwa utaratibu bila kuvunjavunja mfupa, jino moja au mawili kwanza aone yanavyopona badala ya kusafisha mdomo mzima siku moja, analainisha kingo kali za mfupa, anashona ufizi ukiwezekana. Wengi huandika dawa ya kusukutua ya kuua vijidudu, na mara nyingi antibaiotiki. Kisha humwambia mgonjwa arudi, na hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu. Maumivu yakiisha, hatuonekani tena.

Wenye kisukari kisichodhibitiwa, wanaovuta sigara na wanaotumia steroidi kama prednisoloni kwa muda mrefu wako katika hatari zaidi, na hao wa steroidi wana sababu mbili za kusema, maana steroidi zenyewe hudhoofisha mifupa. Meno ya bandia yasiyokaa vizuri nayo yameanzisha vidonda vilivyofika mfupani bila jino lolote kung'olewa. Kama yanakukwaruza, usiyavumilie. Yatoe usiku na uyapeleke yakarekebishwe.

Wakati mzuri kuliko wote

Ni kabla ya dawa kuanza. Daktari akisema mama anahitaji dawa ya mifupa, au mgonjwa wa saratani anahitaji dripu ya mifupa, uliza palepale: nikaangaliwe meno kwanza? Meno mabovu yang'olewe, ufizi upone, ndipo dawa ianze. Kwa osteoporosisi wiki chache za kusubiri kwa kawaida hazidhuru. Kwa saratani daktari ndiye atakayepima, maana maumivu ya mifupa na hatari ya kuvunjika hayasubiri kila mara. Katika nchi kadhaa jambo hili limeandikwa kwenye miongozo na mgonjwa hupewa kadi ya ukumbusho ndani ya boksi la dawa. Kwetu kadi hiyo, hata ikiwemo, mara nyingi hubaki duka la dawa pamoja na boksi, mgonjwa akaondoka na vidonge kwenye bahasha.

Ndiyo maana simu yako ina kazi hapa. Piga picha ya boksi au ya chupa ya dripu, na ya karatasi ya hospitali yenye tarehe. Hifadhi. Kama mzee anatumia simu ya vitufe, andika jina la dawa na tarehe kwenye daftari la kliniki, ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, na mtoto mmoja wa nyumba hiyo awe na picha kwake. Kwa sindano ya miezi sita, weka kikumbusho mwezi wa tano, ili kuwe na muda wa kutafuta nauli na fedha.

Ukifika kwa tabibu wa meno, usisubiri swali. Sema: nilichomwa sindano ya mifupa, au nameza kidonge cha mifupa kila wiki, au niliwekewa dripu ya mifupa kwa ajili ya saratani, tarehe fulani, picha hii hapa. Taja hata kama uliacha vidonge miaka mitatu iliyopita. Kwa jamii ile yenye d-r-o-n, miaka mitatu si zamani.

Matabibu nao nina neno kwao. Swali la "unatumia dawa gani" halitoshi kwa dawa inayotolewa mara moja au mbili kwa mwaka. Ukiuliza "umewahi kuchomwa sindano au kuwekewa dripu ya mifupa?" utapata jibu ambalo swali la kwanza lilikuficha.

Baada ya jino kutoka, ufizi kwa kawaida hufunga juu ya shimo ndani ya wiki chache. Ukipapasa kwa ulimi ukahisi kitu kigumu chenye ncha, ukiona cheupe au cha manjano kwenye shimo, usaha unaotoka na kurudi, harufu ambayo kupiga mswaki hakuiondoi, au ganzi ya mdomo wa chini ambayo haikuwepo, rudi. Madaktari hulipa tatizo jina lake rasmi pale mfupa unapokaa wazi kwa zaidi ya wiki nane kwa mtu aliyetumia dawa hizi na ambaye taya lake halijawahi kupigwa mionzi. Wewe huna haja ya kuhesabu wiki nane. Likionekana mapema, mara nyingi hutibiwa kwa usafi, kusukutua na antibaiotiki, na vipande vidogo vilivyolegea huondolewa. Wachache huhitaji upasuaji mkubwa. Usikubali mtu akukwangue kwa sindano au wembe nyumbani, na kama kituo cha kwanza kitakuambia ni kawaida tu wakati mfupa unauona kwenye kioo, omba barua ya rufaa kwenda kwa daktari wa upasuaji wa kinywa, uende na picha zako za dawa.